Mukeke Ana Jina Lake

Msafiri aendaye kupumzika kando ya Ziwa Tanganyika, mjini Bujumbura, hana haja ya kukitafuta Kiswahili. Kipo ufukoni, wavuvi warudipo alfajiri baada ya kuvua usiku kucha kwa mwanga wa taa. Kipo sokoni, na kimejaa tele katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Hata akiingia katika mkahawa ulio ukingoni mwa maji atakisikia kikitoka jikoni, mpishi akimhimiza mwenziwe auchochee mkaa. Lakini aketipo mezani na kuletewa orodha ya vyakula, Kiswahili hutoweka ghafla. Aghalabu orodha hiyo ni ya Kifaransa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na pengine Kiingereza kimeongezwa pembeni kwa ajili ya wageni. Lugha iliyomvua samaki, ikampara magamba, ikapatana bei yake na kumgeuza juu ya moto, hairuhusiwi kumtaja mbele ya mlaji.

Wapo watakaocheka kuona mwalimu wa lugha anagombana na karatasi ya mkahawani. Na wacheke. Heshima ya lugha haipimwi kwa hotuba zinazotolewa kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hupimwa pale mtu atoapo fedha zake. Shule za msingi za Burundi zilianza kufundisha Kiswahili katika miaka ya 2000. Mtoto wa shule hizo, akipelekwa na wazazi wake kula ufukoni siku ya Jumapili, hujifunza somo ambalo hakuna kitabu kilichomwandalia: kwamba iko lugha ya kupasia mtihani, na iko lugha ya kuagizia chakula.

Wenye mikahawa hujitetea kwa kusema kwamba wageni hawasomi Kiswahili. Wageni gani hao? Uvira, upande wa pili wa bonde la Ruzizi, ni mji wa Kongo, nchi ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa. Kigoma iko kusini, kwenye ziwa hilo hilo. Tangu mwaka 2007 Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Nairobi huja na kulala mjini humo. Watu hao ni wageni kamili, wana njaa na wana fedha. Bali neno “mgeni” limekwisha zoeleka kumaanisha Mzungu peke yake, na huyo mwingine huhesabiwa kuwa mpita njia tu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami sitaipuuza. Burundi si nchi iliyokosa lugha ya kuwaunganisha watu wake. Wananchi wake karibu wote husema Kirundi, jambo ambalo ni nchi chache za Afrika ziwezazo kujivunia. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliviweka Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili hakimo. Basi Kirundi kitangulie. Mwalimu wa Kiswahili atakaye kukisukuma pembeni hanihesabu miongoni mwa wafuasi wake. Lakini anayetuambia “Kirundi kwanza” na atuoneshe orodha za vyakula zilizoandikwa kwa Kirundi ili tuzisome. Ni chache mno. Katika ugomvi huu Kirundi hutumiwa kama ngao, na anayejikinga nyuma yake ni Kifaransa.

Kasumba hii ina historia yake. Wajerumani walipoutawala mji huo, wakati ule ukiitwa Usumbura, walitumia Kiswahili katika shughuli za serikali yao. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na pamoja na wamisionari wao wakakitazama Kiswahili kwa jicho la mashaka, wakikiona kuwa ni lugha ya Uislamu na ya watu wa mjini wasioshikika. Nchini Burundi neno “Mswahili” lilipata maana ya mtu mjanja, asiyeaminika. Mwenye mkahawa wa leo huenda hajui lolote kuhusu habari hizo, lakini karatasi yake inaendelea kuzitii.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu wenye mikahawa peke yao, maana baadhi yetu sisi walimu tumewasaidia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Na leo mwanafunzi wa Bujumbura akiandika “ndagala” katika insha yake, wapo walimu wanaochukua kalamu nyekundu na kuandika “dagaa”. Akiandika “mukeke”, huambiwa kwamba Kigoma wanasema “mgebuka”. Samaki ni yule yule na ziwa ni lile lile! Kwa nini jina la bandari moja liwe lugha, na la bandari nyingine liwe kosa? Mtoto aliyekwisha kuambiwa shuleni kwamba neno la mama yake si Kiswahili hawezi kushangaa akikuta mkahawani halikuandikwa.

Wala usanifu si kinga. Kule Unguja kwenyewe, ulikotoka msingi wa hicho Kiswahili sanifu, mtalii anayezunguka Forodhani usiku huuziwa “Zanzibar pizza”, na urojo, mchuzi wenye jina lake zuri la kale, huitwa mbele yake “Zanzibar mix”. Kama Unguja imelegea hivyo, tusiisubiri itupe mfano.

Ninachokitaka kwa Bujumbura ni kitu kinachotosha upande mmoja wa karatasi. Mukeke wa kuchoma, kwa ndizi za kukaanga. Ndagala wa kukaanga, kwa ugali. Sangala wa mchuzi. Mishikaki ya mbuzi. Maharage. Sombe, na yule wa Dar es Salaam akiuliza, mhudumu amwambie kuwa ndiyo kisamvu. Kirundi kiandikwe juu yake, Kifaransa chini, kwa herufi zenye ukubwa ule ule. Wanafunzi wa darasa moja la Buyenzi, pamoja na mwalimu aliyeiweka kando kalamu yake nyekundu, wanaweza kuimaliza kazi hiyo katika kipindi kimoja, kisha waipeleke wenyewe ufukoni. Mwenye mkahawa akisema kwamba uchapaji una gharama, chama chetu na kimlipie karatasi za mwezi wa kwanza.