Pampu Mbovu Isikatwe Katika Mishahara Yetu



Mabaharia na mafundi wa mashini wa vyombo vidogo wakikutana, jambo wanalolalamikia sana siku hizi ni pampu. Mtu wa bara aweza kucheka. Sisi tulalao chini ya sitaha, ukuta mmoja tu na jenereta, hatucheki, na leo twataka kueleza sababu.

Motokaa hupozwa na upepo upitao kwenye rejeta. Jenereta ya chombo hupozwa na maji ya bahari. Pampu huyavuta maji ya chumvi kupitia chujio, huyasukuma mpaka kwenye kipozeo, kisha maji hayo humwagwa ndani ya ekzosi ili moshi upoe kabla ya kupita katika bomba la mpira. Ndani ya pampu mna gurudumu dogo la mpira lenye mapanga, nasi twaliita impela. Laenea kiganjani. Chombo kikitia nanga, injini kubwa huzimwa na kupumzika, lakini jenereta haizimwi, kwani taa na mabarafu ya samaki yataka umeme usiku kucha. Jenereta nyingi za namna hii huenda mizunguko 1,500 kila dakika, na pampu iendayo sawa na injini yake huzunguka zaidi ya mara 2,000,000 kwa siku moja. Mpira gani usiochoka?

Basi kuchoka kwa impela si kosa la mtu. Hubadilishwa, na kazi hiyo mafundi wetu waijua: kufunga vali ya maji ya bahari, kufungua kifuniko, kutoa ya zamani, kupaka mpya glisirini au sabuni ya maji wala si grisi, na kutia gasketi mpya. Tena mapanga ya ile ya zamani yahesabiwe. Likikosekana moja litafutwe katika mabomba, maana limekwenda kuziba njia ya maji huko mbele, na impela mpya haitasaidia kitu. Hiyo ni kutengeneza, nasi hatujapata kuikataa.

Tunalokataa ni kulazimishwa kutengeneza kisichotengenezeka. Shafti ikishaliwa mpaka imefanya mfereji pale inapokaa sili, sili mpya itavuja kama ya zamani. Beringi ikilia, au mwili wa pampu ukichimbika ndani, hapo ni kununua pampu nyingine, na fundi akisema hivyo asiitwe mvivu. Pampu nyingi zilizofungwa moja kwa moja kwenye injini zina tundu dogo kati ya sili ya maji na sili ya oili. Walioziunda waliliweka makusudi, ili maji yakivuja yaonekane nje, yasiingie kwenye mashini. Twamjua tajiri mmoja aliyeona maji yakidondoka hapo akaamuru tundu lizibwe kwa gundi ya chuma. Kweli maji yakaacha kudondoka. Yakaingia katika oili, oili ikawa rangi ya chai ya maziwa, na jenereta ikafa. Na nani aliyelipa? Fundi, kwa kukatwa mshahara wake miezi mitatu! (Mwezi ule ule chombo kilipakwa rangi mpya ubavuni. Rangi huonwa na wageni, pampu haionwi.)

Wenzetu na wajue sheria yasemaje. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa kusudi. Sili iliyokwisha si kusudi la mtu. Na mwajiri akitaka kumfukuza fundi kwa kosa kama hilo, kifungu cha 41 chamtaka kwanza aeleze sababu na kumsikiliza, na fundi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama wa kuchagua mwenyewe. Asiingie afisini peke yake.

Lakini kuna jambo lizidilo mshahara. Maji yakikosekana katika ekzosi, bomba la mpira huungua, na moshi ulioitwa kwenda nje hujaa ndani, mahali watu walipolala. Katika moshi huo mna sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu mkubwa wake, na mwajiri asimrudishe mahali hapo maadamu hatari ingalipo. Fundi azimaye jenereta kwa sababu maji hayatoki nyuma ya chombo hafanyi ukaidi, na wale walio kitandani wapaswa kumshukuru hata kama samaki wataharibika.

Wenye vyombo watatujibu kwamba pampu ni ghali, na tena yaagizwa ng'ambo na kukawia. Hayo twayakubali. Ndiyo maana yafaa inunuliwe kabla ile iliyopo haijafa! Twataka kila chombo kiwe na pampu moja nzima ya akiba, na impela mbili pamoja na gasketi zake, katika sanduku ambalo ufunguo wake anao fundi. Tena twataka daftari la mashini, ambamo fundi ataandika siku aliyoona uvujaji na siku aliyoomba pampu, na nahodha atie sahihi. Neno la mdomo husahaulika upesi sana jenereta ikishaungua.

Nakala ya kila ombi apewe mjumbe wa chama. Na mwenye karatasi ya kukatwa mshahara kwa ajili ya jenereta ailete afisini petu, pamoja na ile pampu ya zamani kama haijatupwa baharini.