Shahada ya Ng'ambo Ipimwe kwa Kazi

Kila mwaka wako vijana wetu wa magazeti, wa redio na wa ofisi za habari wanaovuka bahari kwenda kusomea shahada ya uzamili ya mawasiliano. Wengine huenda Uingereza, ambako masomo hayo kwa kawaida huchukua mwaka 1. Wengine huenda Marekani, ambako mara nyingi huchukua miaka 2. Twawatakia heri wote. Walakini liko neno ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Mwandishi mmoja aondokapo, wenzake hubeba zamu zake. Na ikiwa mshahara wake waendelea kulipwa na shirika la umma, basi alipaye ni mkulima na mfanyakazi. Kwa hiyo walipaji wana haki ya kuuliza: akirudi, atatufanyia nini?

Wako wanaodhani kwamba shahada hiyo ni ngazi ya cheo. Mtu aende akiwa mwandishi, arudi akiwa mkurugenzi. Fikira hiyo ni potofu. Elimu ya ng'ambo humpa mtu mambo mawili yenye thamani: nafasi ya kuitazama kazi yake kwa mbali, na desturi ya kutosadiki jambo kabla ya kulichunguza.

Mathalani, atafundishwa habari za Paul Lazarsfeld na wenzake, ambao mwaka 1940 walichunguza wapiga kura wa wilaya ya Erie, jimbo la Ohio. Waligundua kuwa wengi walivutwa zaidi na maneno ya watu wanaowaamini kuliko redio na magazeti. Atafundishwa pia juu ya McCombs na Shaw, waliowahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill katika uchaguzi wa 1968, wakaonyesha kuwa mambo yanayopewa uzito na magazeti ndiyo watu huyaona kuwa mazito. Haya ni maarifa mazuri. Lakini Ohio si Kasulu, wala Chapel Hill si Newala. Msomi anayerudi na kuyakariri majibu ya wenzetu hajasoma bado. Aliyesoma ni yule anayerudi na maswali yao, akayauliza upya kwa watu wake, kwa lugha yao.

Jambo hilo lawezekana, maana limekwisha kufanyika hapa. Njia ya wakulima kusikiliza redio kwa vikundi, kisha kujadiliana na kutenda, haikuanzia kwetu. Kanada waliitumia tangu mwaka 1941. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, nchi yetu iliitumia njia ya namna hiyo kwa vitabu vya Kiswahili na viongozi wa vikundi waliotoka miongoni mwa wananchi. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, na vyoo vikachimbwa vijijini. Hayo ndiyo mawasiliano tunayoyataka, yale yanayoonekana kwa macho baada ya redio kuzimwa.

Tukumbuke pia maisha ya marehemu Benjamin Mkapa. Alisoma Makerere, kisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1966 alishika uhariri wa The Nationalist na Uhuru, mwaka 1972 akaingia Daily News, na mwaka 1976 akaongoza Shihata ilipoanzishwa. Chuo kilimfungulia mlango. Kilichomjenga ni kazi ya kila siku mezani pa mhariri.

Hata hivyo tusiwalaumu wasomi peke yao. Mara ngapi kijana amerudi na maarifa mapya, akapewa kazi ya kuandika barua za mwaliko na kupanga viti vya wageni? Tasnifu yake hufungiwa sandukuni, na baada ya miezi michache huchukuliwa na shirika la kigeni linalojua thamani yake. Hapo hasara ni yetu, na mwajiri ndiye aliyeileta.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kabla mfanyakazi hajaondoka, yeye na mwajiri waandikiane ni kazi gani atakayoirudia. Pili, utafiti wake uhusu wananchi wetu, na akirudi awafundishe wenzake aliowaacha. Tatu, nafasi zitolewe kwa haki, zimfikie na mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari inayochapwa, wala zisifuate undugu. Ufadhili wa Chevening wa Waingereza wenyewe hutaka mwombaji awe amefanya kazi miaka 2, na baada ya masomo arejee kwao kwa miaka 2. Ikiwa mfadhili wa mbali anataka hivyo, sisi wenyeji tutake pungufu kwa nini?

Wala asidharauliwe aliyesoma nyumbani. Chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, na ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu, kimelea waandishi wengi ambao kalamu zao hazina cha kuonea haya.

Wazee wetu wa pwani walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ndugu zetu mlio ng'ambo, someni kwa bidii. Nanyi waajiri, watayarishieni kazi ya kuirudia.