Liuli na Mbamba Bay: Historia tumewaachia wageni?

Nilikuwa nyumbani Mbinga, na safari hii nikasema lazima nishuke ziwani nikajionee tena. Wale mnaoikumbuka barabara ya zamani mnajua nini maana ya kushuka Mbamba Bay wakati wa masika. Gari lilikuwa linalala njiani na abiria mnasukuma. Sasa ni lami tupu, kilomita 66 hivi, unafika kabla hujamaliza stori na jirani yako kwenye siti. Kwa hilo, haki tuitoe.

Nilipofika Mbamba Bay nikaendelea mpaka Liuli. Pale nje kidogo ya ufukwe kuna lile jiwe kubwa, Pomonda. Wajerumani walipoliona waliona sura ya yule simba mwenye kichwa cha mtu aliyeko Misri, Sphinx, basi bandari nzima wakaibatiza Sphinxhafen. Nikasimama nikalitazama. Nikatafuta bango lolote la kumweleza mgeni amefika wapi. Sikuliona. Kuna mitumbwi, kuna dagaa wameanikwa, kuna watoto wanaogelea. Basi.

Sasa nikuulize ndugu msomaji: unajua kwamba hapo Liuli ndipo palipopigwa mojawapo ya mizinga ya mwanzo kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza? Vita ilikuwa na siku chache tu. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilitokea upande wa pili wa ziwa na kuikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iko juu ya chelezo inatengenezwa. Ikaipiga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba kuna vita. Inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi na kumfuata Rhoades akiwa amefura, kumuuliza kama amelewa, kwa maana hao wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Akaambiwa vita imetangazwa, na yeye ni mateka.

Stori hii Wazungu wanaipenda sana, na kwa kweli inachekesha. Lakini ndiyo tatizo langu. Ukitafuta habari za mwambao wetu, utakutana na walevi wawili na meli zao. Sisi tuko wapi humo? Ni kama vile ziwa lilikuwa tupu mpaka wao walipokuja kupigana.

Ziwa halikuwa tupu. Lilikuwa barabara, na lilikuwa soko. Katika karne ya 19 misafara ilitoka huku Nyasa na meno ya tembo na, tuseme ukweli, na binadamu wenzetu, ikatembea mamia ya kilomita mpaka Kilwa Kivinje, na kutoka huko kwa majahazi mpaka Unguja. Ng'ambo ya ziwa, Nkhotakota, akina Jumbe walikuwa na kituo chao cha biashara, na watu walivushwa ziwani kuletwa upande huu wa mashariki. Livingstone alimnukuu Rigby, balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, kwamba watumwa 19,000 kwa mwaka kutoka nchi ya Nyasa peke yake walipitia forodha ya Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar likaja kufungwa mwaka 1873.

Hata ile meli ya Berndt ilinunuliwa kwa pesa zilizochangishwa Ujerumani kwa jina la kupambana na utumwa. Ilipofika, ikafanya na kazi ya kututawala.

Lakini haikuwa biashara ya majonzi tu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na chungu cha Kisi alichokipenda kuliko sufuria zote tulizomnunulia. Vyungu vile hufinyangwa na akina mama wa Kikisi kule kaskazini, upande wa Matema, na vimekuwa vikisafiri na mitumbwi na meli kuuzwa mwambao mzima. Samaki wa Wanyasa walipanda milimani kwa Wamatengo, mahindi na maharage yakashuka ziwani. Hii nayo ni historia ya biashara. Nani ameiandika?

Nchi yetu imeshapeleka UNESCO, kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, ile ya Bagamoyo mpaka Ujiji. Safi sana. Na sisi wa njia ya kusini? Barabara ina ncha mbili. Kilwa wageni wanakwenda kutazama magofu, huku ilikoanzia mizigo hapana hata kibao cha mbao.

Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja wazo la makala hii. Akacheka, akasema mawe hayauzi gazeti. Najua wapo wadau watakaoniunga mkono yeye: watu wanataka dawa hospitali na maji ya bomba, wewe unalilia mabango! Nawaelewa. Lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar unakula kwa mawe hayo hayo. Na mimi siombi mabilioni.

Naomba mambo matatu. Moja, mabango Liuli na Mbamba Bay, kwa Kiswahili kwanza, yataje Gwendolen na yataje pia walioswagwa kwenda Kilwa. Mbili, Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, itume walimu na wanafunzi wenye vinasa sauti wakawarekodi wazee kabla hatujawazika na stori zao. Tatu, kwa kuwa Mbamba Bay inajengewa bandari mpya, itengwe humo japo chumba kimoja cha kumbukumbu: chungu cha Kisi, mtumbwi, picha za MV Songea na MV Iringa, na ramani ya njia ya Kilwa. Abiria anayesubiri meli ataingia tu.

Bandari itakuja, na hoteli zitakuja, hilo halina ubishi. Watakaokuja nazo watauliza: hapa palikuwa na nini zamani? Tusipokuwa na jibu letu, watasimuliwa habari ya walevi wawili, na watoto wetu watacheka nao.

Naomba kutoa hoja.