Mashimo ya Ukuta Tuyazibe kwa Udongo Gani?



Mavuno yakiisha kuingia ghalani, tunapata nafasi ya kutengeneza nyumba. Mwezi huu tutazame kuta za ndani, hasa za chumba cha kulala.

Nyumba nyingi za vijijini ni za miti na udongo. Panya huchimba ukuta. Udongo hubanduka penye fito. Mtu husema, "Shimo dogo halina neno." Lina neno. Humo ndimo anamokaa papasi. Mchana hujificha. Usiku hutoka, huuma watu waliolala, kisha hurudi katika ufa wake. Papasi anaweza kuishi miaka bila kula. Kwa hiyo chumba kilichokaa kitupu muda mrefu si salama.

Papasi huleta homa ya papasi. Homa hii hupanda siku chache, kisha hushuka. Mgonjwa akidhani amepona, hupanda tena. Ni hatari sana kwa mama mjamzito na mtoto wake. Mwaka 1905 daktari mmoja Mwingereza, J. E. Dutton, alikuwa akiichunguza homa hii huko Kasongo, Kongo. Ilimwua yeye mwenyewe. Mwenye homa ya kupanda na kushuka aende zahanati upesi.

Basi, tuzibe kwa kitu gani? Usishindilie matambara wala magunzi. Hapo umewatandikia panya na papasi kitanda.

Wengi huniuliza juu ya saruji. Saruji ni nzuri, lakini si kwa ukuta wa udongo. Udongo hutanuka ukipata unyevu, na hunywea ukikauka. Saruji haiendi pamoja nao. Baada ya muda kiraka huachana na ukuta, na pembeni hubaki ufa mwembamba. Ufa huo unamtosha papasi. Kama unayo fedha ya mfuko mmoja wa saruji, itumie kwenye sakafu, maana papasi hukaa pia katika vumbi la sakafu. Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa saruji ndio unaozibwa kwa saruji na mchanga.

Ukuta wa udongo uzibwe kwa udongo. Udongo mweusi wa mbugani haufai. Mnajua wenyewe unavyopasuka wakati wa kiangazi. Mchanga mtupu nao haushikani. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana, lakini chagua kichuguu kilichohamwa na mchwa. Utwange, uuchekeche, uchanganye na mchanga.

Mchanga kiasi gani? Hapo usibahatishe, kwa sababu vichuguu havifanani. Fanya hivi. Kanda vitumbua vitatu vya udongo. Cha kwanza, kopo 1 la udongo na kopo 1 la mchanga. Cha pili, udongo kopo 1 na mchanga makopo 2. Cha tatu, udongo kopo 1 na mchanga makopo 3. Viweke kivulini mpaka vikauke kabisa. Kilichopasuka kina udongo mwingi mno. Kinachomomonyoka ukikisugua kwa kidole kina mchanga mwingi mno. Kilicho kizima na kigumu ndicho cha kufuata.

Ongeza nyasi kavu zilizokatwa fupi, na kinyesi kibichi cha ng'ombe kidogo. Hivi huzuia nyufa. Kanda vizuri, ulaze usiku mmoja, kesho ukande tena. Ukimaliza kazi nawa mikono kwa sabuni.

Kwanza kwangua shimo mpaka udongo mlegevu wote utoke. Nyunyizia maji. Ukiweka udongo mbichi juu ya ukuta mkavu utabanduka. Shimo la panya lishindiliwe vigae na vijiwe kwanza. Shimo refu lisijazwe kwa mara moja. Weka tabaka la unene wa vidole viwili, liache likauke, ndipo uongeze jingine. Mwisho kandika juu na kulainisha kwa mkono wenye maji.

Mvua za kwanza zikinyesha, chukua taa usiku ukatazame tena, hasa nyuma ya kitanda.