UCHAMBUZI: Runinga ilipoitangulia kalamu

Katuni ya Fullmetal Alchemist ya studio ya Bones nchini Japani ilipoanza kupeperushwa mwaka 2003, mtunzi Hiromu Arakawa hakuwa amefika hata nusu ya manga yake, hadithi ya picha aliyoianza jaridani mwaka 2001.

Kwa idhini yake, katuni hiyo ilijitungia hatima: Edward na Alphonse, ndugu walioharibu miili yao wakijaribu kumfufua mama yao, wanatenganishwa, kila mmoja ulimwengu wake. Katika manga iliyokamilika mwaka 2010, wanarejea nyumbani pamoja.

Katuni ya pili, ya 2009 hadi 2010, iliifuata manga. Je, ya kwanza ni usaliti? La hasha. Ya pili inafariji. Ya kwanza inakiri kwamba ipo hasara isiyofidika.