Tumbo la Ghafla Halingoji Kesho

Utumbo uliokatikiwa damu huweza kuanza kufa katika muda wa saa 6 hivi. Mgonjwa hulia kwa maumivu ya ghafla, ingawa tumbo likibonyezwa huenda bado ni laini. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina mashine ya CT. Mgonjwa huchomwa dawa mshipani, na picha huonyesha damu ilipokwama. Lakini mashine haifufui utumbo uliokufa. Mimi naona tunachelewa nyumbani, tukimnywesha dawa za kuharisha. Acheni! Mgonjwa wa Ukerewe ana ziwa la kuvuka kwanza. Ngiri nayo huukaba utumbo. Ikigoma kurudi, inauma na mgonjwa anatapika, upasuaji usingoje picha. Mleteni zahanati saa ileile, tumwandikie rufaa.