SHUJAA MMOJA HATOSHI

Ndugu wafanyi kazi wa Gakindu,

Vijana wetu husoma vitabu vya picha vya Superman, aliyeanza kuchapwa Marekani mwaka 1938. Humo mtu mmoja hushinda wabaya wote. Watu wa mji kazi yao ni kupiga makofi. Wanasiasa wanaotujia sokoni kuomba kura wataka tuwe watu wa mji ule. Twakataa!

Tarehe 15 Mei 1950 Serikali ya mkoloni iliwakamata Makhan Singh na Fred Kubai, ikidhani imekata kichwa cha wafanyi kazi. Kesho yake Nairobi iligoma zaidi ya wiki moja, bila wao, ikidai wafunguliwe na mshahara wa chini uwe Shs. 100. Singh alizuiliwa mpaka 1961.

Basi anayengoja mtu aruke kutoka Nairobi kuja kuongeza malipo ya wachuma kahawa, atuambie kwanza: ada ya chama alilipa lini?